Kipa wa Dakika za Mwisho

Nyinyi vijana mtakaosoma haya, wekeni simu chini mnisikilize. Nnakujueni. Mnabishana mchana kutwa juu ya wachezaji wa nchi za watu, nani hodari, nani kaporomoka, nani moyo wake mdogo, na hao mnaowasema hamjapata hata kupeana nao mkono. Sikukatazeni. Nyumba yangu imelea mabishano mengi kuliko ilivyolea watoto. Lakini siku ya tatu ya matanga ya Seif, mume wangu, wanaume walipomaliza khitma na kahawa ikaanza kuzunguka, nlimsikia rafiki yake Masoud akiwaambia wageni kuwa marehemu alikuwa mtu wa haki, hana upendeleo, na mpaka anaingia kaburini alisimama kwenye neno lake: Khalfan alikuwa golikipa hodari wa saa moja tu, baada ya hapo moyo ukimtoka. Watu wakacheka, kile kicheko cha matanga cha kubanabana. Na nyinyi mlicheka. Khalfan mwenyewe alikuwa amekaa humo humo, ameegemea mto, kikombe mkononi, naye akacheka kidogo kama mtu anayelipa adabu. Mie nlikuwa upande wa pili wa ukuta, na tokea siku hiyo sijakaa nikatulia.

Sasa nimo edani, sitoki. Mwili wangu haukuzoea. Nnazunguka nyumba hii chumba kwa chumba, nnapanga vilivyopangwa, nnafuta palipofutwa. Kusoma nlisoma chuo cha Kurani, kuandika nimejifunza ukubwani, kwa hivyo hati yangu mtaivumilia. Ya Unguja na ya kuja kwetu Maskati sitayasema, wako waliokwisha kuyasema vizuri kunishinda. Nnataka kusema mwaka mmoja tu, ule tuliohamia Hail, katikati ya miaka ya tisini.

Kabla yake tulikaa Khuwair ya Kusini, flati juu ya duka la fundi cherehani, na kelele za magari ndizo zilizokuwa zikinilaza. Seif akajenga Hail, karibu na bahari, akasema sasa tutapumua. Tulihamia nyumba haijesha. Rangi ilikuwa upande mmoja, milango ya ndani miwili haina vitasa, na upepo wa pwani ukiniingizia mchanga mpaka ndani ya unga. Usiku kimya, kimya cha kukusikilizisha moyo wako. Nkikaa nnataka kusimama, nkisimama nnasahau nlichosimamia. Kitu kimoja tu nlikipenda katika nyumba ile. Fundi alitoboa kidirisha baina ya jikoni na majlisi, cha kupitishia masinia ili wanawake tusipite mbele ya wageni, akatia kibao cha kukifunga. Kibao chenyewe hakikupata kufunga sawasawa hata siku moja. Mume wangu alikuwa kila wiki akisema atamwita fundi. Mie nlikuwa nkimwambia asijisumbue.

Wakati ule mapumziko yetu yalikuwa Alkhamisi na Ijumaa. Alkhamisi ilikuwa siku ya mpira na Ijumaa ilikuwa siku ya kuusema. Timu ya mtaa ilichezea kiwanja cha nyuma yetu, changarawe tupu, hakina taa wala nyasi, magoli yake mabomba ya chuma yaliyopakwa chokaa. Mechi zilianza jua likipoa, baada ya sala ya alasiri, na zikimalizika watu wanaharakia msikitini kwa magharibi. Wanawake tulitazama kutoka juu ya paa, baina ya kamba za nguo. Mie nlijidai nnaanua. Nguo gani zinazoanuliwa saa mbili nzima, hakuna aliyeuliza. Binti yangu Rayya, aliyekuwa akisomea ualimu, alikuwa akipanda na mimi, naye hata kujidai hakujidai.

Khalfan ndiye aliyekuwa kipa. Kijana wa miaka ishirini na kitu, karani wa wizara, mrefu, viganja kama masinia. Wazee wake ni Waarabu wa bara, wa Tabora, na Seif alikuwa akimtania kuwa watu wa bara hawajui bahari lakini mikono wamejaliwa. Mtoto wa watu alikuwa akidaka mpira vile ambavyo mimi huchota maji, bila haraka. Akiruka, watoto juu ya ukuta wananyamaza.

Ijumaa, baada ya sala na chakula, ndipo vita vilipoanza. Nlikuwa nkipika wali wa nazi na mchuzi wa papa, samaki wa kukaanga pembeni, achari ya ndimu. Masinia yakirudi matupu kupitia kidirishani, nlikuwa nkijua dakika hiyo hiyo Seif atajifuta mikono na kusema, "Haya, tumzungumze bwana mkubwa wetu." Hoja yake ilikuwa fupi. Khalfan akisimama golini saa ya kwanza, hapiti hata nzi. Mchezo ukifika ukingoni, mtu yule yule anasimama kama kigogo, shuti la kitoto linampita, krosi inamvuka kichwani naye mikono kaitandaza upande mwengine. Si mara moja wala mbili. Kwa hivyo, alisema Seif, ni moyo. Mtu wa moyo mdogo hufanya kazi vizuri mpaka aone kuna kitu cha kupoteza.

Masoud alikuwa na duka la vipuri vya magari, rafiki wa Seif tokea utotoni, na Seif akisema maji, yeye anasema barafu. Alisema wanaochoka ni mabeki, wanavuta sigara nyuma ya ukuta kabla ya mchezo na baadaye miguu inawaisha, kipa anabaki peke yake na ulimwengu mzima unamjia. Akasema na neno jengine ambalo mpaka leo nnaliona lina maana, kuwa magoli ya mwisho watu huondoka nayo, na yale aliyookoa mwanzo wanayaacha pale pale kwenye changarawe, hakuna anayekuja kuyala na wali huu. Mwengine akasema kijana ana jicho la watu, mama yake akamsomee. Mwengine akasema hali vizuri, amekonda. Nkisikia hilo la kula nlikuwa nkipitisha sinia jengine kwa kishindo, maana mie ndiye niliyekuwa nkiwapikia timu nzima siku za mechi.

Sikukuu ya mfunguo mosi walicheza asubuhi na mtaa wa jirani, baada ya sala ya Idi. Siku ile Khalfan alikuwa ukuta. Dakika tisini hakuna kitu, wakaenda penalti, akazitoa mbili kwa mkono mmoja kila moja. Ijumaa iliyofuata Masoud aliingia kwetu amefunga kilemba cha sherehe, hakungoja hata wali. Akataka Seif akiri mbele ya watu. Seif akamwambia, "Mechi ya sikukuu, watu wamejaa pilau mpaka shingoni, nani atainua mguu?" Majlisi nzima ikaanguka kwa kicheko, na Masoud ikabidi avue kilemba akae.

Mie katika mabishano hayo nlikuwa na mume wangu. Sipendi mtu anayeacha kazi ukingoni. Tena kulikuwa na jambo jengine lililonikera. Mechi zikisha, wachezaji wote walikuja kwetu kunywa kahawa na tende. Khalfan hakuja hata siku moja. Alikuwa akiingia msikitini kwa magharibi na hatoki mpaka mwenzake mmoja amfuate. Watu wakasema anaona haya. Nami nkasema hivyo hivyo.

Basi katika mwaka huo huo, baada ya Idi, mama yake akaja kuposa. Bi Zuwena alikuja na wanawake watatu, udi unanukia tokea getini, mwanamke mpole, Kiswahili chake cha bara kila neno limevaa viatu. Nliwakaribisha kwa mkate wa kumimina na sambusa, nikawauliza hali za wazee, wakaniuliza hali za watoto, mpaka wakasema walichokijia. Wanamtaka Rayya kwa Khalfan. Sikushituka, nlikuwa na macho. Lakini nlimwuliza Bi Zuwena wazi. Ndugu za mumewe wana mabinti wazuri, wasomi, nawajua. Kwetu mtoto wa ami ndiye wa kwanza. Kwa nini amevuka nyumba zote hizo akaja kwangu? Mtu haendi kwa jirani kuomba chumvi na kwake ana gunia. Bi Zuwena akainamia kikombe chake, akasema ni riziki, dada yangu, na akaomba maji. Akayanywa yote bila kupumua. Nikajua kuna kitu, na usingizi mdogo nliokuwa nao katika nyumba ile ukaniondoka kabisa.

Seif nlipomwambia, hakukasirika. Aliweka fimbo yake kitandani, akakaa, akanijibu kama aliyekuwa amejitayarisha. "Simpi. Mwanzo wa ndoa kila mtu hodari. Ndoa yote ni dakika za mwisho." Nikamwambia mpira ni mpira. Akaniuliza, weye unayemtazama kila Alkhamisi kutoka juu ya paa, unamwona ni mtu wa kumaliza? Tukaomba muda kwa Bi Zuwena, kama ada. Rayya alikuwa akiosha vyombo, na kikombe kimoja alikiosha mpaka nikakitoa mkononi mwake.

Nakuambieni vijana, mtu akikuuliza mpira una kazi gani, mwambie wiki zile majlisi ya wanaume kumi ilikuwa inabishana juu ya mume wa mwanangu, na hawajui. Kila anayesema mabeki wamechoka alikuwa akimpa mke. Kila anayesema moyo mdogo alikuwa akimnyang'anya. Mie nimesimama nyuma ya kibao, mwiko mkononi, nkihesabu kura.

Ikaja fainali ya mitaa. Watu walijaa mpaka juu ya magari. Mwamuzi alichelewa, mchezo ukaanza jua limeshalegea. Kipindi cha kwanza Khalfan alicheza mchezo ambao Masoud mpaka leo akiusimulia anasimama. Tulikuwa tunaongoza goli moja. Kipindi cha pili, mwisho mwisho, bahari imeshageuka rangi ya risasi, mtu wa timu ngeni akapiga mpira kutoka mbali, mpira wa kawaida, unadunda. Khalfan akageuza kichwa, si kama mtu anayetazama, kama mtu anayesikiliza. Mpira ukampita mguuni. Wa pili vile vile. Tukafungwa. Vijana wa mtaa wetu wenyewe walimpigia miluzi mpaka adhana ikawanyamazisha. Na asubuhi mtu mwovu, sijui nani na simtaki kumjua, alifunga kuku hai kwenye geti la kina Khalfan, yaani mwoga, kwa kamba za viatu vya mpira.

Ijumaa ile ile asubuhi, Seif yuko soko la Sib kununua samaki, nami nakanda unga, nkasikia hodi majlisini. Mlango wa majlisi siku zote ulikuwa wazi kwa wageni. Nikachungulia kwenye ufa wa kibao, nikamwona Khalfan amesimama katikati, hajakaa, kofia mkononi.

Nikamwambia kwa kidirishani mwenye nyumba hayupo. Akasema anajua, ameona gari halipo. Amekuja kwangu.

"Nimekuja kuondoa posa, khala."

"Kuku mmoja ndiye aliyekutoa mbio?"

Nikaendelea kukanda, maana mikono yangu ikiwa tupu ulimi wangu ni mbaya zaidi. Nikamwambia mtu akiposa binti ya watu na akaondoa, aibu haimwangukii yeye, inamwangukia binti. Kwa hivyo aseme sababu, na iwe sababu, asiniletee maneno ya sokoni. Akakaa chini, karibu na kidirisha, mgongo kwenye ukuta, nami namwona utosi tu.

"Khala, mimi si mwoga. Jua likiingia sioni."

Kisha akasema yote, polepole, kama mtu anayetoa miiba mguuni. Tokea utotoni. Mchana anaona kama mimi na wewe, isipokuwa pembeni, pembeni ni kama kuchungulia ndani ya bomba. Mwanga ukipungua, bomba linazibwa. Magharibi hamjui mtu mpaka aseme. Ndiyo sababu anangoja msikitini, mpaka rafiki yake aje amshike mkono kama wanaotembea kwa mapenzi. Ami yake mmoja alikuwa hivyo, na sasa anaongozwa mpaka chooni. Hospitali wamemwambia dawa hakuna, na kwamba ugonjwa huo unapita katika damu, na watu wa damu moja wakioana unapata nguvu. Ndipo mama yake akavuka nyumba za ami zake akaja kwangu. Nikafahamu yale maji yaliyonywewa bila kupumua.

Nikamwuliza kwa nini asiwaambie watu wakamwacha. Mwaka mzima wanamwita mwoga, kuku amefungwa getini kwao, na neno moja lingewanyamazisha. Akaniambia ana wadogo zake watatu wa kike, hakuna aliyeolewa.

"Wakiniita mwoga, ni mimi peke yangu. Wakiniita kipofu, wameiita nyumba nzima."

Hapo niliacha unga. Nyinyi wa leo mtasema ujinga, watu wangefahamu, ni maradhi. Labda leo. Wakati ule, nyumba ikishasemwa ina maradhi ya macho, hodi ya posa haisikiki tena mlangoni, na mabinti wanakaa na elimu zao mpaka mvi. Nlikuwa nawajua watu wangu. Mie mwenyewe nlikuwa mmoja wao. Nikamwuliza basi kwa nini anaendelea kucheza, apate kukaa kwao salama. Akainua uso kidogo.

"Saa ya kwanza, khala, naona kila kitu."

Nikamwambia anisikilize vizuri. Siri yake nimeipokea na kwa mtaa haitatoka. Lakini ndoa ya kuficha sitaki nyumbani kwangu. Rayya ataambiwa leo, na nitamwambia mimi, yote, na la damu pia, na yeye ndiye atakayesema ndiyo au hapana. Akisema hapana, posa imekwisha na hakuna mtu atakayejua kwa nini. Akisema ndiyo, Khalfan atakwenda kwa babake Rayya aseme kwa mdomo wake mwenyewe. Akanijibu, "Sawa, khala," na nikapitisha kikombe cha chai. Akakishika kwa mikono miwili. Mchana ule, mwanga umejaa chumba, alikiona.

Rayya nlimkuta chumbani anakunja nguo. Nikamwambia bila kupamba. Nikamwambia macho yale yatapungua, hayatazidi. Kuna siku itakuja ataongozwa. Watoto ni majaliwa, daktari hakuahidi kitu, isipokuwa sisi na wao si damu moja. Nikamwambia mume wa hivyo ni kazi ya maisha, na asiingie kwa huruma, huruma huchoka kabla ya miguu. Alikunja ile kanzu, akaikunjua, akaikunja tena.

"Mchana ananiona?"

"Anakuona."

"Basi."

Nikamwambia afikiri mpaka jioni. Akasema amefikiri mwaka mzima, juu ya paa. Nikatoka nikaenda kukasirikia jiko.

Ijumaa ya pili yake Khalfan alikuja mapema, kabla ya watu. Aliingia majlisini kwa Seif, wakafunga mlango wa nje, na mie nikasimama kwenye kibao changu bila ya haya yoyote. Sauti ya kijana ilikuwa chini. Ya Seif sikuisikia kabisa, na mume wangu hakuwa mtu wa kutosikika. Kisha mlango ukafunguliwa, Khalfan akaenda zake, na Seif akaja jikoni. Hakuwa na kawaida ya kuja jikoni. Akakaa juu ya gunia la mchele, na nilipotaka kumwambia atalipasua nikanyamaza. Akasema, "Mtoto huyu nimemtukana mwaka mzima katika nyumba yangu, na timu yake wanakula wali wangu." Nikamwambia yaliyopita yamepita, atampa au hampi? Akasema, "Nampa. Nitampaje mwengine?" Akainuka, akajipangusa unga wa mchele, maana watu walikuwa wameshaanza kuingia.

Chakula kikaliwa. Masinia yakarudi. Ikafika ile saa yake ya kusema tumzungumze bwana mkubwa, na Seif hakusema. Masoud, ambaye maisha yake yote amepokea vipuri vibovu dukani kwake na kuvijua kwa kuvisikiliza, akamgeukia. Akamwuliza leo ana nini, mbona hana maneno, au amekwisha kubadilika? Kwani amejua nini ambacho wao hawajakijua? Alisema kwa mzaha, lakini Masoud akishika mzaha haachi mpaka autoe mzizi. Nlijua, na Seif alijua, kwamba akisema tu neno la kumtetea Khalfan ataulizwa kwa nini, na ataulizwa kesho na keshokutwa, mpaka mtu mmoja atapiga hesabu ya jua na magoli.

"Nibadilike nini? Mwoga ni mwoga," Seif akasema, na sauti yake ilikuwa kubwa kuliko siku zote. "Na nimempa binti yangu."

Masoud, mtetezi wa Khalfan mwaka mzima, ndiye aliyeshangaa zaidi.

"Unampa mwoga mtoto wako?"

"Binti yangu hachezi mpira."

Walicheka mpaka mmoja akapaliwa na kahawa. Seif akaja kidirishani kuchukua sinia la halua. Hakunitazama.

Tokea siku ile, kila Ijumaa, mpaka Mungu alipomchukua, mume wangu alimtukana mkwewe mbele ya watu. Wadogo zake Khalfan waliolewa mmoja baada ya mmoja katika nyumba nzuri, Seif akala pilau zao zote, na bado hakuacha, maana wa mwisho alipoolewa walikuwa wameshapata watoto, na watoto nao wana posa zao. Khalfan aliacha kucheza mwaka ule ule. Watu wakasema amekimbia. Alikuwa akikaa karibu na babamkwe wake, akimmiminia kahawa mpaka macho hayakumruhusu tena kumimina, na watu wakadhani ni sukari, ukubwa huo. Wala Masoud hakuunganisha. Wiki iliyopita nlimwuliza Khalfan kama niyaandike. Akaniambia niandike, wadogo zake sasa wana wakwe na wajukuu, na wao wenyewe wanataka yajulikane. Kisha akasema, "Mama, baba alichoka kunitukana kuliko mimi nilivyochoka kutukanwa." Kwa hivyo yule mtu wa haki asiye na upendeleo mliyecheka kwa neno lake siku ya tatu ya matanga, mjue alikuwa akisema uongo, na aliusema miaka ishirini na zaidi, na mie sijapata kumwona mkweli kama yeye.

Limebaki moja. Harusi ilipokwisha, Khalfan alikuja kula kwetu mara ya kwanza kama mtoto wa nyumba. Alikuja na Rayya jua linazama. Ukumbini wanangu walikuwa wameacha sinia la vikombe chini, na yeye akalipiga teke, vikombe vikaenda kila upande. Wageni walikuwa wamo majlisini, wakachungulia. Seif akapaza sauti kuwa kipa huyo hata sinia limemfunga, watu wakacheka wakarudi kwenye mito yao. Rayya akainama kuokota vigae. Khalfan alisimama palepale, mikono imefunguka kidogo mbele yake, vile vile nilivyokuwa nikimwona golini.

Kesho yake asubuhi niliwaita wote waliokuwa wakilala katika nyumba ile, wanangu wakubwa na wadogo, na msichana wa kazi, na Seif akiwa amekaa anasikiliza, nikawaambia: "Kuanzia leo, adhana ya alasiri ikisha tu, taa zote ziwashwe, za geti, za ua, za ukumbini, mchana mchana, na asizizime mtu mpaka wote wamelala. Kiti kikae kilipo. Chini kisiwekwe kitu, hata kandambili. Na atakayekuulizeni kwa nini, mwambieni mama anaogopa giza."